Mnyauko wa migomba: namna ya kuutambua, kuukata na kuuzuia usirudi shambani

Huku magharibi mwa Kenya, kuanzia Teso na Busia hadi Bungoma, Siaya na mashamba ya pembezoni mwa Kisumu, mgomba haupandwi kwa ajili ya chakula peke yake. Mkungu mmoja ukipelekwa soko la Luanda au Chwele unarudi na sukari, sabuni na pesa ya kumalizia karo. Ndiyo maana mnyauko unaoletwa na bakteria unauma sana. Unaingia katika shamba lililokuwa na mikungu mizuri, na baada ya misimu michache mwenye shamba ananunua ndizi sokoni kama mtu wa mjini.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kunyunyizia. Usitoe hata shilingi kwa mtu anayekuuzia chupa akisema itaponya mgomba ulioanza kunyauka, maana bakteria wako ndani ya mishipa ya maji ya mmea, na hakuna dawa ya dukani inayoweza kuwaua huko ndani mgomba ukapona. Lakini unazuilika, na shamba lililougua linaweza kuokolewa bila kung'olewa lote. Jambo moja ningependa ulishike kuliko mengine yote: bakteria hawa hawatembei wenyewe. Wanabebwa. Wadudu wanawabeba, chipukizi linawabeba, na sisi tunawabeba kwa panga. Wadudu hatuwezi kuwafunga, lakini panga na chipukizi viko mikononi mwetu.

Wataalamu wanawaita bakteria hawa Xanthomonas, na maafisa wa kilimo wamezoea kuuita ugonjwa wenyewe BXW, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Banana Xanthomonas Wilt. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1968 nchini Ethiopia, kwenye enseti, mmea wa jamii ya mgomba ambao watu wa huko hula shina lake na tunguu, ile sehemu nene iliyo chini ya udongo. Mwaka 2001 ukaonekana Mukono nchini Uganda na pia mashariki mwa Kongo, na mwaka 2006 ukatambuliwa huku kwetu, upande wa mpakani. Mpaka wenyewe tunaujua: shangazi yuko Tororo, mpwa yuko Malaba, na machipukizi ya ndizi yanavuka pamoja na zawadi nyingine.

Hatua ya 1: Kagua kwa macho, panga liache nyumbani

Pita shambani mara moja kwa wiki, hasa wakati wa mvua, kwa sababu ndipo migomba mingi huchanua na wadudu huwa wengi. Anzia upande ulio mzima, umalizie na upande unaoushuku. Usishike kitu chochote cha kukatia. Mtu akiona jani la manjano mkono unamwasha alikate, na hapo ndipo shamba linapoharibika.

Angalia ua na jani, kisha ujiulize ni kipi kimeanza kuugua.

Kama lile ua dume la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu limesinyaa, magamba yake yamekauka, na kikonyo chake kinabadilika rangi kutoka chini kwenda juu, basi ugonjwa umeingilia mauani na mdudu ndiye aliyeuleta. Kila gamba la ua dume linapoanguka huacha kidonda kibichi chenye utomvu mtamu. Nyuki, nyuki wadogo wasiouma na nzi wanakuja kunywa, na kama wametoka kwenye mgomba mgonjwa, miguu yao ina bakteria.

Kama ua ni zima, au mgomba haujachanua kabisa, lakini majani machanga yamepoteza ung'avu, yamekuwa ya manjano na yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, basi ugonjwa umepitia chini. Ni panga, ni jembe, au mgomba ulipandwa ukiwa tayari umeubeba.

Tofauti hii usiipuuze, kwa sababu inakuonyesha mlango upi wa shamba lako uko wazi. Shamba ambalo maua yanaugua kwanza linahitaji kazi ya kuondoa maua dume haraka. Shamba ambalo migomba michanga inanyauka kabla ya kuchanua linahitaji kwanza kuchunguzwa nani anakata, anakata kwa nini, na machipukizi yalitoka wapi.

Ndizi nazo zina dalili zake. Zinaiva kabla ya wakati, tena ovyo: kwenye chana moja, mbili tatu ni za manjano na zilizobaki ni kijani. Ukiipasua moja, ndani ina madoa ya rangi ya kutu na nyama yake ni ngumu. Bakteria hawa hawamdhuru mtu, lakini ndizi ya namna hiyo hailiki na hakuna atakayeinunua.

Hatua ya 2: Hakikisha kabla hujahukumu

Si kila mgomba unaonyauka una ugonjwa huu. Chagua mmoja tu unaoushuku zaidi, ukate shina lake kwa kuvuka, kisha ukae hapo usubiri. Utomvu wa kawaida wa mgomba ni mwepesi kama maji, unatoka papo hapo, na ndio unaoacha madoa ya hudhurungi nguoni. Usaha wa mnyauko hauji upesi hivyo. Baada ya dakika tano hadi kumi na tano utaona vitone vizito vikijitokeza kwenye vitundu vya mkato, rangi yake kati ya maziwa na manjano, na ukivigusa kwa kijiti vinanata. Ukiona hivyo, huna tena haja ya kubishana na mtu. Kijiti hicho kichome, na panga lisiguse kitu kingine kabla hujalisafisha kama nitakavyoeleza katika hatua ya tatu.

Kinachowachanganya watu mara nyingi ni mnyauko mwingine, ule unaoletwa na kuvu ya udongoni, ambao hupenda sana sukari ndizi. Huo huanzia majani ya chini yaliyokomaa, yanakuwa ya manjano kuanzia ukingoni, yanavunjika shingoni na kuning'inia kuzunguka shina. Ukikata utaona mistari ya hudhurungi ndani, lakini usaha hakuna, na ndizi zenyewe hazina madoa ya kutu. Fukusi nao huangusha mgomba, ila wao utaona mashimo waliyotoboa kwenye tunguu.

Ukishindwa kuamua, mpigie afisa wa kilimo wa wadi yako na umtumie picha ya mkato. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, ina vituo Alupe kule Busia na Kakamega, ambako unaweza kuuliza. Tafadhali usifunge kipande cha mgomba mgonjwa kwenye bodaboda kwenda kukionyesha, kwani utakuwa unasambaza ugonjwa njia nzima.

Hatua ya 3: Safisha panga, na ujue maana ya kusafisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mashamba mengi hupotea. Kupangusa panga kwa jani si kusafisha. Kulichomeka ardhini mara mbili si kusafisha. Panga lililokata mgomba mgonjwa limebeba utomvu wenye bakteria, na mgomba wa pili ukikatwa jani moja tu kwa panga hilo umeshachanjwa ugonjwa.

Ziko njia mbili unazoweza kuzitegemea. Ya kwanza ni moto. Washa majani makavu ya migomba au weka jiko la makaa kando ya shamba, pitisha makali ya panga motoni pande zote mbili mpaka liwe la moto kiasi cha kutoweza kuligusa kwa mkono. Haina gharama, na inafaa kama una mashina machache ya kukata.

Ya pili ni dawa ya kung'arisha nguo, Jik au nyingine ya aina hiyo. Changanya kipimo kimoja cha dawa na vipimo vitano vya maji. Kabla ya kuchovya panga, futa udongo na utomvu kwa kitambaa au maji, maana dawa hii huishiwa nguvu upesi inapokutana na uchafu. Kisha lizamishe makali yote. Mchanganyiko wa jana usiutumie leo. Tengeneza mpya, na ukiona umekuwa mchafu katikati ya kazi, umwage mbali na kisima. Vaa glavu ukiwa nazo, na chupa iwekwe pasipofikiwa na watoto. Jioni suuza panga kwa maji na ulipake mafuta kidogo, la sivyo litaliwa na kutu.

Njia inayorahisisha kazi ni kuwa na mapanga mawili na ndoo moja. Moja likiwa kazini, lingine limelala kwenye dawa, na unabadilisha kila unapohamia shina jingine. Nasema kila shina, si kila mstari, wala si baada ya kumaliza shamba. Jembe na kisu cha kukatia majani ya ng'ombe vinahesabiwa vilevile.

Hatua ya 4: Kata shina gonjwa, uache kichaka kiishi

Zamani ushauri ulikuwa mmoja tu: ukiona mgonjwa mmoja, ng'oa kichaka kizima. Ushauri ule haukuwa wa kijinga, lakini kung'oa tunguu la mgomba mkubwa ni kazi ya kuvunja mgongo, na mama mwenye robo ekari, akiambiwa ang'oe kila kitu, ananyamaza tu na kuficha. Utafiti uliofanywa katika nchi za Maziwa Makuu umeonyesha kwamba bakteria hawafiki kwenye kila shina la kichaka kimoja. Shina mama linaweza kufa na baadhi ya watoto wake wakazaa vizuri. Kwa hiyo unaweza kukata shina gonjwa peke yake, mradi uwe mtu wa kurudi shambani.

Kata chini kabisa, usawa wa udongo, bila kugusa mashina yaliyosimama jirani. Chokoa kiini cha katikati kwa ncha ya panga ili shina lile lisichipue tena. Safisha panga. Mgomba ulioanguka usiuburute kupita kwenye mizima. Uulaze palepale kati ya vichaka, uukate vipande vikauke haraka, kisha ufunike kwa majani makavu. Ua lake lifunike vizuri zaidi, maana wadudu bado watalifuata. Usimpe ng'ombe wala mbuzi, usitupe mtoni, na majani yake usiyatumie kufungia chochote kinachokwenda sokoni.

Baada ya wiki moja rudi. Na wiki inayofuata. Baadhi ya mashina yaliyobaki yatakuwa yameshabeba bakteria bila kuonyesha lolote, na yatanyauka baada ya wiki kadhaa au hata miezi. Hapo usikate tamaa ukasema njia imeshindwa. Kata hayo nayo, safisha, endelea. Wanaoshindwa kwa njia hii, kwa ninavyoona, ni wale waliokata vizuri mara ya kwanza wakaona shamba limetulia, wakaenda kupalilia mahindi na hawakurudi mpaka mvua nyingine.

Kwa muda huo wote usipunguze majani, usitoe machipukizi, na jembe lisipite karibu na vichaka, kwa sababu mizizi iliyojeruhiwa ni mlango. Magugu yang'oe kwa mkono. Mbuzi wafungwe mbali. Na kama una yale maua ya kana uani, yenye majani mapana yanayofanana na ya mgomba, yaondoe karibu na shamba, kwa sababu nayo yanaweza kushikwa na bakteria hawa.

Hatua ya 5: Vunja ua dume kwa mti wenye panda

Hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, haina gharama, na inaziba mlango wa wadudu. Tafuta mti mrefu wenye panda juu. Subiri mpaka chana la mwisho la mkungu lijitokeze lote, kisha mara moja ingiza panda kwenye kikonyo chini ya chana hilo, zungusha mti, na ua litavunjika lenyewe. Usitumie kisu hata kama mgomba ni mfupi na ua liko usawa wa kifua chako. Mti unavunja bila kukata, na hauhamishi utomvu kama makali ya chuma.

Kuna wanaoogopa kwamba ndizi hazitajaa ua likiondolewa. Ua lile dume halina kazi tena mkungu ukishafungika. Linakula chakula ambacho kingeenda kwenye ndizi. Ukiliondoa mapema, vidole vinanenepa zaidi.

Ukichelewa wiki tatu nne, magamba mengi yatakuwa yameshaanguka na wadudu wameshapita. Ndiyo maana kazi hii haingoji Jumamosi ya kupumzika. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya akitoka shule, akielekezwa mara moja. Aina ya kayinja, zile ndizi za pombe zinazopandwa sana Uganda na ukanda wa mpakani, ndiyo iliyo hatarini zaidi kwa wadudu, kwa hiyo ipe macho ya kwanza. Katika mashamba ya juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, wadudu hawaelekei kueneza ugonjwa huu sana. Huko mlinde mgomba zaidi dhidi ya panga.

Hatua ya 6: Broka, jirani na ndugu

Broka wa ndizi anakuja na pikipiki na panga lake kiunoni. Asubuhi amekata mkungu Nambale, saa nne amekata Butula, na alasiri yuko kwako. Si mtu mbaya, anatafuta riziki, lakini panga lile limeonja mashamba yote ya siku hiyo. Mpokee vizuri, umwambie: "Kaka, karibu. Panga lako liache kwenye pikipiki, hapa tunakata kwa la nyumbani." Wengi wanakubali, na asiyekubali ni afadhali umkose. Pia asishushe shambani kwako majani aliyofunikia mikungu ya kwingine.

Kumnyima ndugu machipukizi ni kazi ngumu zaidi. Kwetu chipukizi la ndizi linaombwa kama moto wa kuwashia jiko, na kukataa kunaonekana ni choyo. Ukiwa na ugonjwa shambani sema wazi: "Mama, mwaka huu siwezi kukupa. Migomba yangu inaumwa, na nisingependa kukupelekea hasara nyumbani." Machipukizi yanayoonekana mazuri yanaweza kuwa yameshaambukizwa, na hakuna mtu anayeweza kuyabagua kwa macho. Vivyo hivyo, ukipewa wewe, uliza kwanza shamba yalikotoka limekaaje.

Na usipambane peke yako. Nyuki hawajui mpaka wa shamba. Ukivunja maua yote na jirani akaacha ya kwake yanaoza, utaendelea kukata mashina kila mwezi. Lileteni jambo hili kwenye chama, kwenye nyumba kumi, au mwombe chifu dakika chache kwenye baraza. Chagueni siku moja ya wiki, kila boma lipite shambani mwake na mti wenye panda. Mzee asiye na nguvu asaidiwe na vijana, na wanaokwenda kusaidia wasibebe mapanga yao.

Hatua ya 7: Ukishazidiwa

Kama vichaka vinavyougua ni vingi kuliko vizima, kwa maoni yangu kukata shina moja moja kutakuchosha bure. Ng'oa vyote pamoja na matunguu, uviache vikauke palepale juu ya ardhi, na kila chipukizi litakalojitokeza baadaye ling'oe mara moja. Bakteria hawa hawadumu sana kwenye udongo mtupu. Wanachokitegemea ni mabaki ya mgomba. Kwa hiyo ipumzishe ardhi angalau miezi sita bila mgomba wowote. Si lazima ikae bure: panda mahindi na maharagwe, au viazi vitamu, uvune kabla ya kurudi kwenye ndizi.

Unaporudi, nunua miche ya tishu kalcha kutoka KALRO, chuo kikuu cha JKUAT au kitalu ambacho afisa wa kilimo anakijua. Ni ghali kuliko chipukizi la bure, lakini imekuzwa maabara na inatoka bila ugonjwa. Ujue tu kwamba haina kinga. Hakuna aina ya ndizi tunayopanda isiyoshikwa na mnyauko huu, na mche safi ukikatwa kwa panga chafu utakufa kama wa zamani. Chimba mashimo ya futi mbili kila upande, umbali wa mita tatu au nne, weka mbolea ya zizi iliyooza vizuri, na upande mwanzo wa mvua. Miche hii ni laini, hivyo imwagilie na uitilie matandazo miezi ya kwanza, lakini matandazo hayo yasiwe majani ya migomba kutoka shamba lingine.

Mgomba wa kwanza utakapochanua, uwe na mti wako wa panda tayari. Machipukizi usigawie mtu kabla shamba jipya halijazaa mikungu yake ya kwanza na kuvunwa bila dalili yoyote, na hata hapo yatoe kwa jembe lililosafishwa.